Titaniamu: Mchanga wa Kwale Hugeukaje Chuma, na Mbona Fundi wa Kamukunji Hawezi Kuiyeyusha

Apple walipotoa iPhone 15 Pro Septemba 2023, neno moja lilisumbua mtandao: titaniamu. Tangu hiyo siku kila kitu mtaani kimekuwa titaniamu. Saa ya Gikomba ni titaniamu. Pete ya mia mbili ni titaniamu. Fremu ya miwani, bangili, hadi bit ya drili, zote titaniamu. Uliza muuzaji hii kitu hutoka wapi, atakushow tu "majuu."

Si uongo, lakini kuna sehemu ya stori ameruka. Kuanzia mwisho wa 2013 mpaka Desemba 2024, Kenya ilikuwa inachimba madini ya titaniamu hapa hapa kwetu, kaunti ya Kwale, na kuyapakia kwa meli Likoni. Miaka kumi na moja. Na hiyo miaka yote, metali ya titaniamu iliyotoka kwa hayo madini ndani ya Kenya ni kilo sufuri.

Mbona? Hapo ndipo inabidi uelewe vile mchanga hugeuka chuma. Tutapita njia yote, hatua kwa hatua. Na juu tuko Majengo, tutatumia Kamukunji kama kipimo. Msee wa huku hahitaji kufunzwa chuma ni nini. Ukikatiza Gikomba, nyundo za Kamukunji unaziskia kabla uzione: masanduku ya shule, makarai, majiko, mashini za kukaanga chipo. Wale mafundi wakipata bati ama skrepa, wanatoa kitu. Wakipewa mchanga wa Kwale, hawatoi kitu. Si ujuzi wamekosa, ni tabia ya hiyo madini.

Kwanza, hii titaniamu ni nini?

Ni elementi namba 22. Wengi hudhani ni adimu kama dhahabu, kumbe wapi. Ni ya tisa kwa wingi kwenye ganda la dunia. Ukihesabu metali za kujengea vitu peke yake, mbele yake ziko tatu tu: alumini, chuma ya kawaida na magnesiamu. Shaba, zinki na risasi ukizijumlisha zote, bado titaniamu inazishinda kwa wingi.

Sifa zake ndizo zinafanya watu wapagawe. Kipande cha sentimita moja kila upande kina gramu 4.5. Chuma ya kawaida hapo ni 7.8, alumini 2.7. Lakini ikichanganywa vizuri na metali zingine, titaniamu inafikia nguvu ya chuma ngumu, na uzito ni zaidi ya nusu kidogo. Haishiki kutu hata ikae baharini. Mwili wa binadamu pia hauikatai, ndio maana msee wa boda akivunjika paja, vyuma anazowekewa ndani huwa za stenlesi ama za titaniamu.

Sasa ngori. Titaniamu haipatikani ikiwa peke yake. Kila mahali iko imeng'ang'aniwa na oksijeni, na hao wawili kuwaachanisha si mchezo. William Gregor, pasta wa Cornwall huko Uingereza, aligundua kuna metali mpya kwenye mchanga mweusi wa kijiji mwaka wa 1791. Martin Klaproth, mwanakemia Mjerumani, akaipa jina mwaka wa 1795, akichukua kwa Matitani wa hadithi za Wagiriki. Lakini metali yenyewe ikiwa safi ilitolewa mwaka wa 1910, na Matthew Hunter huko New York. Hesabu mwenyewe: miaka 119 watu wanajua iko hapo, na hakuna mtu anaweza kuitoa.

Hatua ya kwanza: kuchota na kuchuja

Hii ndiyo hatua Kenya iliifanya, na iliifanya poa.

Mgodi wa Kwale uko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, na kilomita 10 hivi kutoka baharini. Tiomin ya Canada ndiyo ilianza kuchunguza huko miaka ya 1990. Mambo yakavutana, na mwaka wa 2010 Base Resources ya Australia ikanunua mradi. Kampuni yake ya hapa ikaitwa Base Titanium. Meli ya kwanza ilitoka Likoni Februari 2014.

Usifikirie shimo refu la giza kama la dhahabu. Kwale ni matuta ya mchanga wa zamani. Mipira mikubwa ya maji yenye presha inapiga tuta, mchanga unaporomoka na kuwa uji, halafu uji unasukumwa kwa mabomba mpaka kwenye mtambo. Ndani ya huo mchanga, madini mazito ni asilimia chache tu. Hayo mengine ni mchanga na udongo wa kawaida.

Uji unamwagwa juu ya mifereji iliyojipinda kuteremka, kama ile ya watoto kuteleza kwa uwanja wa michezo. Mchanga mwepesi unatupwa nje ya kona, ule mzito unabaki karibu na katikati. Ni wazo lile lile la mathe akipepeta ndengu kwa ungo: chepesi kinaenda zake, kizito kinabaki.

Ukishapata mzigo mzito, bado ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Cheki vile wanavitenganisha:

- Ilmenaiti: ni titaniamu, chuma na oksijeni pamoja. Inashikwa na sumaku. Ni nyeusi.
- Rutaili: ni titaniamu na oksijeni bila chuma. Sumaku haiishiki, lakini inapitisha umeme.
- Zirkoni: hii si titaniamu, ni ya kutengeneza vigae na sinki. Haishikwi na sumaku na haipitishi umeme.

Kwa hivyo unakausha mzigo, unapitisha kwa sumaku, ilmenaiti inatoka. Unapitisha yaliyobaki kwenye mitambo ya umeme, rutaili inaruka kando, zirkoni inabaki. Hakuna moto mkali, hakuna kemikali ya kutisha. Halafu malori yanateremsha hayo madini mpaka Likoni, mkanda unamwaga kwa meli, na ndio hiyo imeenda.

Miaka mizuri, Kwale ilitoa zaidi ya tani 400,000 za ilmenaiti kwa mwaka. Kihesabu, ndani ya huo mzigo mlikuwa na titaniamu zaidi ya tani 100,000. Lakini bado ni mchanga. Ukiushika mkononi unafanana na sukari iliyoungua.

Mbona Kamukunji haiwezi?

Sasa tuseme umepora gunia moja la ilmenaiti na umelifikisha kwa fundi. Afanye nini?

Chuma ya kawaida hutolewa kwa mawe kwa njia ambayo binadamu ameijua maelfu ya miaka: weka mawe ya chuma na makaa kwa tanuri, pasha moto. Kaboni ya makaa inapokonya chuma ile oksijeni, moshi unaenda, chuma inabaki. Alumini ya skrepa nayo ni rahisi zaidi. Inayeyuka kwa digrii 660, ndio maana wasee wa Kariobangi Light Industries wanaiyeyusha na kuimwaga kwa ukungu bila stress.

Titaniamu inakugomea mara tatu.

Moja, makaa. Ukiichoma na makaa, titaniamu haikubali kuachwa pekee. Ikiacha oksijeni inashika kaboni yenyewe, na unachopata ni kitu kigumu cha kuvunjika kama kigae. Haipindiki, haigongeki.

Mbili, hewa. Titaniamu ikipata moto mkali inanyonya oksijeni ya hewa vile sponji hunyonya maji, na inakuwa ya kuvunjika. Hata naitrojeni, ile gesi tulivu ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa tunayopumua, titaniamu inaweza kuungua ndani yake. Ni metali chache sana ziko hivyo.

Tatu, chombo. Inayeyuka kwa digrii 1,668. Ikishakuwa maji maji, inaanza kula kile chombo umeiwekea. Udongo wa tanuri una oksijeni ndani, na titaniamu inaifuata huko huko.

Kwa hivyo nyundo na mvukuto hazitakusaidia. Unahitaji njia ya kuzunguka, na hiyo njia ina hatua nne zaidi.

Hatua ya pili: kutoa chuma ndani ya ilmenaiti

Rutaili inaweza kuruka hii hatua juu haina chuma. Ilmenaiti lazima ipite.

Unaiweka kwenye tanuri kubwa la umeme pamoja na makaa maalum, joto likipita digrii 1,600. Makaa yanapokonya oksijeni ile ya upande wa chuma, na chuma inazama chini ikiwa maji. Juu inabaki takataka nzito yenye titaniamu na oksijeni kwa asilimia 80 na zaidi. Wanaiita slagi. Hapa jina la takataka lisikudanganye, hiyo slagi ndiyo mali. Na ile chuma ya chini pia inauzwa.

Hii hatua inafanyika Afrika. Richards Bay, Afrika Kusini, wako na matanuri ya hivyo. Wanachimba mchanga kama wetu, lakini wao huupika kabla ya kuuza. Ngoja, tutarudi hapo.

Hatua ya tatu: kubadilisha mshikaji

Oksijeni imekataa kuachilia titaniamu? Basi mletee mwingine. Huyo mwingine ni klorini, ndugu wa ile ya kusafisha maji ya bomba, lakini ikiwa gesi tupu yenye sumu.

Slagi ama rutaili inawekwa na makaa ndani ya mtambo wenye joto la karibu digrii 1,000, na klorini inapulizwa kutoka chini. Makaa yanashika oksijeni, klorini inashika titaniamu. Kinachotoka ni mvuke, na ukipoa unakuwa maji yanayoitwa titaniamu tetrakloridi.

Hayo maji ni noma. Yakikutana na unyevu wa hewa tu, yanatoa moshi mweupe mzito wenye asidi. Majeshi yaliwahi kuyatumia kutengeneza moshi wa kujificha vitani. Kwa hivyo kiwanda chote kinafungwa kabisa, hakuna pumzi inaingia wala kutoka.

Lakini yana faida moja kubwa: yanachemka kwa digrii 136 tu. Ukiwa na kitu kinachochemka, unaweza kukisafisha vile chang'aa hutolewa kwa busaa: chemsha, mvuke upande, upoe pembeni, uchafu ubaki chini. Uchafu mmoja, vanadiamu, huchemka karibu joto lile lile, kwa hivyo huyo lazima aondolewe kwa dawa yake. Mwishowe unapata maji masafi kabisa.

Hatua ya nne: mbinu ya Kroll

Sasa titaniamu iko na klorini. Nani ataipokonya? Magnesiamu.

Aliyepiga hii hesabu ni William Kroll, mtaalamu wa metali kutoka Luxembourg. Alianza kazi hiyo miaka ya 1930. Vita vilipokaribia akahamia Marekani, na mwaka wa 1940 akapata hataza yake huko. Kufikia 1948 kampuni ya DuPont ilikuwa inauza titaniamu. Karibu titaniamu yote duniani leo, hadi ile ya simu, imepita kwa mbinu yake.

Inaenda hivi. Chukua tangi kubwa la chuma. Toa hewa yote, ujaze argoni, ile gesi fundi wa kuchomelea stenlesi hutumia kukinga moto wake. Yeyusha magnesiamu ndani, joto karibu digrii 850. Halafu dondosha yale maji ya titaniamu taratibu. Magnesiamu inakimbilia klorini, titaniamu inabaki mjane.

Hesabu yake ni rahisi kukumbuka. Kwa kila kilo ya titaniamu, unatumia kilo moja hivi ya magnesiamu, klorini kama kilo tatu inahama, na inabaki chumvi ya magnesiamu karibu kilo nne. Hiyo chumvi haitupwi. Inapigwa na umeme mwingi igawanyike tena iwe magnesiamu na klorini, zote zirudi kazini. Ndio maana stima ndiyo bili kubwa ya hii biashara.

Na juu joto ni 850 na titaniamu huyeyuka kwa 1,668, haiwi maji. Inaganda hapo hapo ikiwa na matundu matundu, na kila mtu huiita sponji. Inapashwa tena bila hewa ili chumvi iliyobaki ivukize, halafu inaachwa ipoe. Kisha tangi linafunguliwa na sponji inakatwa kwa nguvu. Ile ya kuta za tangi imeshika chuma, ile ya katikati ndiyo safi. Ni kama sufuria ya ugali: pembeni ni ukoko, katikati ndio mlo.

Pishi moja, kuanzia kupasha mpaka kufungua, huchukua siku kadhaa. Tanuri la chuma ya kawaida linatiririka usiku na mchana bila kusimama. La titaniamu linapika sufuria moja, linaosha, linaanza upya. Hapo ndipo bei inapopandia.

Hatua ya tano: kuyeyusha bila chombo

Sponji si kitu unaweza kutengenezea simu. Inapondwa, inachanganywa na metali zingine, halafu inagandamizwa iwe nguzo. Mchanganyiko maarufu kuliko yote una alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4. Huo ndio uko kwa ndege na kwa vyuma vya hospitali.

Na lile tatizo la chombo kuliwa? Hapa ndipo wajanja walikunja akili. Nguzo inaning'inizwa ndani ya tanuri lisilo na hewa, umeme unarukia kutoka ncha yake kwenda chini, kama cheche ya welding lakini kubwa. Ncha inayeyuka tone kwa tone, na matone yanaangukia chombo cha shaba chenye maji baridi yanayozunguka nje yake. Titaniamu ikigusa shaba inaganda papo hapo, kwa hivyo inajitengenezea ganda lake. Yaani titaniamu inayeyukia ndani ya titaniamu. Inarudiwa mara mbili, na kwa vipuri vya injini ya ndege mara tatu, ili kusibaki doa hata moja.

Baada ya hapo ndipo kunakuwa na kitu fundi anaelewa: pande la chuma la kufinyangwa, kukatwa na kuchomelewa. Ingawa hata kuichomelea, lazima argoni iwe juu yake muda wote.

Marekani walivyouziwa na adui

Ukidhani hii metali haina drama, skiza hii. Miaka ya 1960, CIA na kampuni ya Lockheed walikuwa wanaunda ndege za kijasusi za kuruka zaidi ya kilomita 3,200 kwa saa. A-12 iliruka mara ya kwanza 1962, ndugu yake SR-71 ikafuata 1964. Kwa hiyo spidi hewa yenyewe inachoma bodi, alumini ingelegea. Ikabidi karibu ndege yote iwe titaniamu.

Shida ni kwamba Marekani haikuwa na mzigo wa kutosha. Nani alikuwa nao? Muungano wa Kisovyeti, yaani yule yule waliokuwa wanaenda kumpeleleza. Wamarekani wakatumia kampuni za kujificha, wakanunua. Mrusi akauza titaniamu ya ndege ya kumchungulia mwenyewe.

Ile ya mtaani ni ya ukweli?

Kabla utoe doo, cheki hivi:

Rangi ya dhahabu kwenye bit za drili si bit ya titaniamu. Ni bit ya chuma iliyopakwa ngozi nyembamba ya titaniamu na naitrojeni. Ngozi ni ngumu na inasaidia kweli, lakini ukiinoa tu, inatoka kwenye makali.

Sumaku pekee haitoshi. Titaniamu haishikwi na sumaku, lakini stenlesi nyingi pia hazishikwi.

Kipimo cha uhakika ni uzito na maji. Weka kipande kwa mzani mdogo, andika gramu. Kitumbukize kwa kikombe chenye alama za mililita, angalia maji yamepanda kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita. Kipande cha gramu 90 kikipandisha maji mililita 20, jibu ni 4.5, na hiyo ni titaniamu. Stenlesi itakupa karibu 8, alumini 2.7.

Kwa mafundi: titaniamu kwa grainda hutoa cheche nyeupe za kung'aa sana. Lakini usiache vumbi lake lirundikane karibu na moto. Likishika, usimwage maji, yatachochea. Funika na mchanga mkavu.

Basi mchanga wetu ulienda wapi?

Hii ndiyo sehemu wengi hawajui. Mzigo wa Kwale haukuwa unaenda kutengeneza simu. Duniani kote, zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titaniamu hayageuzwi metali. Yanageuzwa unga mweupe. Ule weupe wa rangi ya ukuta wa keja yako, wa dawa ya meno, wa karatasi, wa losheni ya kuzuia jua, ni titaniamu na oksijeni. Sehemu kubwa ya ilmenaiti ya Kwale ilishukia China. Kuna nafasi nzuri kwamba sehemu fulani ilirudi hapa ikiwa ndani ya mkebe ama tyubu.

Pesa sasa. Tani ya ilmenaiti huuzwa kwa mamia ya dola. Tani ya sponji huuzwa kwa maelfu. Katikati ya hizo bei mbili ndipo kuna hizo hatua zote umesoma.

Kwa sheria ya madini ya 2016, mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale mgodi uko. Kwale, malalamiko kuhusu kucheleweshwa kwa hiyo 10 yalidumu miaka. Na Desemba 2024 madini yakaisha, mashini zikazimwa, mamia ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Miezi miwili kabla, Base Resources ilikuwa imeshanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani.

Je, tungejenga kiwanda cha Kroll hapa? Tusidanganyane. Hata Marekani, walioanza hii biashara, kiwanda chao kikubwa cha mwisho cha sponji, kile cha Henderson, Nevada, kilisimama mwaka wa 2020. China, Japani, Urusi na Kazakhstan walikuwa na bei nzuri zaidi. Unahitaji stima rahisi isiyopotea, klorini, magnesiamu, na wateja wa ndege ambao huchukua miaka kukuamini. Kuna njia za kisasa za kutoa oksijeni kwa umeme moja kwa moja, kama ile iliyotangazwa na watafiti wa Cambridge mwaka wa 2000, lakini mpaka leo Kroll ndiye bado anatawala.

Ila kutoka mchanga mpaka ndege si kuruka mara moja. Kuna ngazi. Richards Bay ilipanda ngazi moja, ikauza slagi badala ya mchanga. Kiwanda cha unga mweupe ni ngazi nyingine, na soko lake ni kila duka la rangi kutoka hapa mpaka Kampala. Kwale ilifanya hatua moja kati ya tano, ikaishia hapo.

Hii si stori imefungwa. Mchanga wa aina hii unajulikana uko kaunti ya Kilifi pia: Mambrui, Sokoke, Vipingo. Siku mkataba mwingine utaletwa mezani, watu wataongea kuhusu ajira, barabara na asilimia za mrabaha, na ni sawa waongee. Lakini sasa unajua swali la kuongeza hapo: huu mzigo utaishia hatua ya ngapi kabla upande meli?